Vidole Vitatu Kutoka Chini

Kazi yangu ni mifereji. Niletee pipa lolote la plastiki, liwe lilikuja na mafuta ya kupikia au na maji ya matunda, nitalitoboa, nitalifungia mfereji, na utanawa kutoka humo miaka mitano bila kuona tone likianguka usipolitaka. Garissa kazi hii haikosi wateja. Maji ya mjini huja kwa zamu, wiki nyingine zamu yenyewe husahau kufika, na watu wanatawadha mara tano kwa siku. Ingia uani mwa yeyote huku Galbet, utakuta kipipa cha buluu juu ya matofali, na huenda mfereji wake niliufunga mimi.

Siri za kazi ni mbili. Ya kwanza, tundu halikatwi kwa kisu. Unakitia kipande cha bomba la chuma kwenye makaa mpaka kiwe chekundu, unakibonyeza kwenye plastiki, tundu linatoka la duara na kando hapapasuki. Ya pili, mfereji hukaa chini kabisa, unagusana na kitako, ili maji yote yatoke. Hiyo ya pili nilimweleza mwenye nyumba wangu mwaka niliohamia kwake, nilipokuwa nikimfungia kipipa chake cha kwanza. Alichuchumaa kando yangu, akauliza kwa nini nisiupandishe kidogo birika lipite vizuri chini yake. Nikamwambia, kipipa kiinue kwa matofali, lakini mfereji uache chini, la sivyo maji ya kitakoni yatakaa humo hadi yaoze. Alilipenda neno lile. Aliwarudishia majirani kana kwamba amelitunga yeye. Natamani siku hiyo ningefunga mdomo wangu nikafunga mfereji tu.

Wapangaji wote tulimwita Ayeyo, kama walivyomwita wajukuu zake, maana yake nyanya kwa Kisomali. Alikuwa mjane, mrefu, na sauti yake ilitangulia kufika popote alipokwenda. Siku ya kwanza alitutazama mimi na mke wangu na kifurushi chetu cha godoro, hakutuuliza kabila wala dini. Aliweka sharti moja tu.

"Kwa boma yangu, bombe hakuna," alisema. "Mengine yote tutaelewana."

Nilimpa neno langu nikiwa umbali wa hatua tatu, kwa kuwa yeye hashiki mikono ya wanaume. Wakati huo halikunigharimu kitu. Sikuwa mnywaji.

Na tulielewana kweli. Binti yetu alizaliwa chumbani kwake, mvua ikiwa imekata barabara, yeye akiwa ndiye mkunga. Kisha ukaja ule mwaka mbaya, watu wa bara kama sisi wakawa wanashambuliwa na kuondoka mjini na magodoro juu ya basi, na sisi tukaanza kufunga vyombo. Ayeyo akatoa kiti chake cha mbao chenye mkono mmoja uliovunjika, akakiweka langoni, akakikalia. Alikaa pale asubuhi hadi jioni, kwa majuma, akisokota tasbihi. Aliyepita na kuuliza nani yumo ndani alijibiwa, "Watu wangu." Hatukuhama. Nimelisimulia hilo mara nyingi, na kila mara najisikia vibaya, kwa sababu ya yanayofuata.

Baba mkwe wangu anaishi Mwingi. Ni mzee asiyesahau. Nilipomwoa binti yake nilikuwa kijana wa mikono mitupu, akaniachia mambo mengi yapite, ila moja alilishikilia: siku moja atakuja anywe pombe ya asali niliyoipika kwa mkono wangu, ndani ya nyumba anamolala binti yake, kisha atubariki. Kwetu mzee hubariki kwa kuchukua funda la kinywaji na kukurushia kifuani. Miaka ilipita. Kisha magoti yake yakaanza kumkataa, akapiga simu, akasema anakuja Ijumaa, na kama asali haipo ataileta mwenyewe. Kweli shemeji yangu akaituma kwa basi, ndoo nzima, nyeusi kama lami, pamoja na matunda ya mwegea yaliyokaushwa, yale yanayoichachusha.

Mke wangu aliniambia wazi. "Mwambie baba tutafanyia kwa kaka Mwingi. Hapa si mahali pake."

"Amesema nyumba unamolala wewe."

"Na Ayeyo alisema nini?"

Nikamjibu kwamba Ayeyo hataiona. Nilikuwa na hasira, na nikikasirika nakuwa mjinga mara mbili. Ukweli ni kwamba kichwa changu kilikuwa kimeshaingiwa na majivuno. Shemeji zangu huwachotea wageni pombe kwa kikombe cha plastiki, wakikoroga machicha yote, mzee anatema tema. Mimi fundi nitamkalisha baba mkwe kitini, nitamwekea kipipa mbele yake chenye mfereji, afungue mwenyewe, ishuke safi. Nilikuwa nimeshawatangazia kwenye simu. Kama ningeitia kwenye dumu kuukuu nikaisukuma uvunguni kama watu wengine wenye siri, labda nisingekuwa na la kuandika.

Jumatatu nilimpelekea Ayeyo kopo la ile asali. Alichovya kidole, akafumba macho. "Mashallah. Hii ni dawa." Jioni hiyo hiyo nilichanganya iliyobaki na maji ya vuguvugu na yale matunda, ndani ya kipipa kipya chenye mpini wa kubebea. Mfereji wake niliufunga vidole vitatu kutoka chini, ili machicha yatue kitakoni na pombe safi ipite juu yake. Nilikiegemeza pembeni mwa chumba, nikakifunika kwa leso.

Tangu hapo sikukaa. Kwetu Mwingi pombe ya asali huchukua wiki, lakini joto la Garissa lina haraka zake. Kufikia Jumanne kipipa kilikuwa kikinong'ona. Jumatano mbavu zake zilituna, nikawa nalegeza mfuniko kila saa ili kiheme, nikiufunga, nikiulegeza tena. Nilikuwa nikitoka kazini katikati ya kazi. Mteja mmoja nilimwachia tundu bila mfereji, nikaenda mbio nyumbani kwa kuwa nilikuwa nimehisi harufu, nami nilikuwa upande wa pili wa mji. Nilinusa shati langu. Nilinusa nywele za mtoto. Punda wa mkokoteni wa maji alisimama mbele ya mlango wetu akapanua pua, na nikamchukia yule punda kama mtu aliyenisemea.

Halafu nikafanya jambo ambalo mke wangu hadi leo halitaji. Ayeyo alikuwa amempa chetezo na ubani mtoto alipozaliwa, wa kufukizia nyumba. Nikawasha makaa, nikatia ubani, nikakiweka chetezo juu ya mfuniko wa kile kipipa. Moshi ukajaa chumbani, harufu ya chachu ikamezwa. Alhamisi Ayeyo alipita uani, akasimama, akatabasamu.

"Fundi, leo nyumba yako inanukia fizuri. Kama nyumba ya bibi harusi."

"Ahsante, Ayeyo," nilisema. Usiku huo sikulala vizuri, na sikumwambia mke wangu sababu. Nadhani aliijua.

Ijumaa asubuhi mke wangu alimchukua mtoto wakaenda stendi kumpokea mzee. Mimi nilibaki kumlinda mgonjwa wangu. Pombe ilikuwa imetulia, haikunong'ona tena. Nilifungua mfereji kidogo, nikaonja kwenye kifuniko cha chupa. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Nilikuwa bado nimeinama hapo, chetezo kikifuka, niliposikia sauti iliyotangulia.

"Asalaam aleikum, fundi!"

"Aleikum salaam, Ayeyo."

Alisimama mlangoni. Hakuwa na kawaida ya kuingia, lakini siku hiyo alikuwa na haraka. Kipipa chake kilikuwa kimepasuka, jua lilikuwa limekila miaka yote ile hadi plastiki ikawa kama ganda la yai. Maji ya mjini hayakuwa yamekuja siku mbili. Na wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja kwake baada ya sala ya Ijumaa kumsomea Kurani dada yake aliyelazwa.

"Wamama kumi na tano, fundi. Wote watataka kutawadha. Hiyo yako nibe, jioni nakurudishia."

Alikuwa anakionyesha kipipa kwa kidevu. Leso ilikuwa imeteleza, na mfereji ulikuwa umetokeza ukimeremeta. Katika miaka yote ile alikuwa hajaniomba kitu nikamnyima, na aliloomba sasa ni chombo cha kunawia watu wanaokwenda kumwombea mgonjwa. Nikatoa uongo wa kwanza uliofika kinywani.

"Hiki kinavuja, Ayeyo."

Fundi mzima, na uongo wenyewe ndio huo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa hatua mbili, kutoka mlangoni hadi pembeni. Ayeyo alizipiga zote mbili. Aliinama, akapitisha kiganja chini ya kitako, akakitazama.

"Inafuja wabi? Chini kavu."

Alikuwa amekwisha kuutazama mfereji. Aliweka vidole vyake kati ya mfereji na kitako, kimoja, viwili, vitatu. Akageuza shingo akanitazama, na hapo nilijua hafikirii maji tena.

"Wewe uliniambia bomba inakaa chini kabisa. Uliniambia maji ikibaki itaoza." Alizungumza polepole. "Hii umebandisha. Kwa nini? Ndani kuna nini unataka ibaki?"

Angeweza kufungua mfereji akaona. Hakufungua. Alikinyanyua chetezo changu, chetezo chake, kutoka juu ya mfuniko, akakishusha sakafuni. Kisha akainamisha uso, akavuta pumzi mara moja. Aliuondoa mkono wake kwenye kipipa, akaufuta kwenye ukuta, mbele na nyuma, mbele na nyuma, chokaa ikimwagika.

"Hii ni ile asali?"

"Ndiyo, Ayeyo."

"Ile asali Mungu ametubatia dawa."

"Ndiyo."

Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele, ningejua la kufanya. Nilisema ovyo ovyo, nikaeleza habari ya baba mkwe, magoti yake, neno aliloliweka siku ya posa, kwamba si ya kuuza, kwamba ni ya siku moja tu. Yeye alisikiliza akiwa ameutazama ule ukuta.

"Mzee yuko wabi sasa?"

"Njiani. Basi linaingia saa sita."

"Mgeni," alisema, akashusha pumzi ndefu. Kwa watu wa Ayeyo hilo neno lina uzito kuliko hasira. "Mgeni hana makosa. Mgeni atakula kwangu. Hii, toa kwa boma yangu kabla ya adhana." Alifika mlangoni, akageuka. "Na wewe, tutaongea."

Nilikibeba begani kwa gunia, kilo zote zile, pombe ikipigapiga ndani kama mtoto anayekataa kubebwa. Barabara ilikuwa imejaa wanaume waliovaa kanzu nyeupe wakielekea msikitini, na mimi peke yangu nikielekea walikotoka wao. Mzee mmoja mwenye birika mkononi aliuona mfereji umetokeza guniani, akanisimamisha. Niliwahi kumfungia kipipa.

"Fundi, nibe maji kidogo, nimechelewa."

"Si maji, mzee," nilisema. Lilikuwa neno la kweli la kwanza nililosema siku ile bila kubanwa, na lilinitoka kama kohozi. Aliniangalia, akaangalia kipipa, akaenda zake bila kuuliza. Nilitembea hadi mtoni nikiwa nimelowa jasho na aibu, siwezi kusema ipi ilikuwa nyingi.

Kando ya Tana kuna shamba la migomba ambapo mtu wa kwetu anaangalia mashine ya kuvuta maji. Nilikitua kipipa kwenye kibanda cha mashine, nikampigia mke wangu, nikamweleza kwa sentensi tatu. Hakusema "nilikwambia". Alisema tu, "Umekwisha," akakata.

Walifika saa tisa. Baba mkwe alikuwa amebeba fimbo na tumbo lililoshiba. Alikuwa amepokelewa, alisema, na mama mmoja mrefu mwenye sauti. Amepewa maziwa ya ngamia kwenye kikombe cha udongo, wali, mguu mzima wa mbuzi, na kiti cha mbao chenye mkono mmoja uliovunjika. Yule mama mwenyewe alikaa chini kwenye mkeka, mbali kidogo, akimuuliza habari za mvua ya Mwingi.

Nilifungua mfereji. Ilishuka nyembamba, rangi ya chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, bila hata chembe. Mzee aliinua kikombe kwenye mwanga, akanywa funda, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami kwa muda wa pumzi moja nikawa mtu mwenye furaha kuliko wote kwenye ule mto.

"Nzuri," alisema. "Sasa niambie. Mbona pombe yangu iko porini?"

Nilimwambia yote. Sharti la siku ya kwanza. Mtoto kuzaliwa. Kile kiti, kilikuwa cha nini ule mwaka mbaya. Asali, ubani, uongo wa kuvuja. Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, na nilipofika kwenye kiti akakishusha gotini.

"Kile kiti nilichokalia?"

"Ndicho."

Kisha akamalizia kikombe chake, kwa kuwa, alisema, pombe haina hatia. Akanyoosha mkono akafunga mfereji mwenyewe, kwa nguvu, hadi mpira wa ndani ukalia.

"Nilitaka kuinywa nyumbani kwako. Nyumba ni ya yule mama, na ina neno lake, na neno hilo ulilikubali. Mimi hukuniuliza. Ungeniuliza ningekunywa uji."

Nilimwomba atubariki hata hapo. Alikataa.

"Kinywa hiki kina pombe. Sitaingia nacho uani kwake. Kesho, kabla sijatia kitu mdomoni."

Alilala gesti. Asubuhi alirudi, akasimama katikati ya ua wa Ayeyo, akaomba maji. Akachukua funda la maji matupu, akaturushia kifuani mimi na mke wangu na mtoto, akanena maneno yake kwa Kikamba. Mke wangu alilia. Ayeyo alitazama kutoka mlangoni kwake, na mwishoni nilimsikia akisema "Amin". Hilo alimwambia mzee. Mimi hakunitazama.

Iliyobaki kwenye kipipa, yule mtu wa mashine na wenzake waliimaliza kabla jua halijazama. Kipipa chenyewe nilikikata kwa msumeno vipande vinane, kisije kikaokotwa na mtu akatilia maji ya kutawadha. Siku iliyofuata nilimtengenezea Ayeyo kingine kipya kabisa, mfereji chini, ukigusana na kitako.

Nilikiweka juu ya matofali yake. Alikuja, hakukijaza. Alifungua mfuniko, akaingiza uso mzima ndani, akanusa. Akanusa tena. Alipitisha mikono yake kwenye mfereji, akapima kutoka chini, hapakuwa na nafasi hata ya kucha. Miaka yote niliyomfungia vipipa hakuwahi kufungua mfuniko kutazama ndani. Kisha akasema "Bismillahi", akaanza kumimina maji.

Ile "tutaongea" haijafika. Kodi anapokea, mtoto anamsuka nywele, mke wangu anatumiwa sambusa kila futari. Nikisikia "Fundi!" kutoka upande wa pili wa ua, mkono wangu unaachia spana, nasema moyoni, leo ndiyo leo. Nakwenda. Ni taa imeungua, au paka ameingia darini. Nimeshawahi kufikiri niianze mimi hiyo habari, nikafika hadi mlangoni kwake, nikauliza kama maji yamekuja.

Juzi kipipa kile nacho kilianza kupasuka. Hili jua halina huruma na plastiki. Nikampelekea kipya, nikakiweka juu ya matofali yale yale, nikasimama kando. Ayeyo alifungua mfuniko. Aliinamisha uso, akanusa, safari hii mara moja tu, akabaki ameinama hivyo hivyo kidogo. Nami nilisimama pale, mtu mzima mwenye spana mkononi, nikimngoja aseme Bismillahi.